Meli ya Anga Iliyoinamisha Pua

Benchi la kahawa la Hildegund, pale bandarini Friedrichshafen, lina miguu mitatu na tofali moja, na mpaka leo halijamwangusha mtu isipokuwa wageni. Jumamosi asubuhi, watu wakishafagia mbele ya nyumba zao (na huku ukikwepa zamu yako ya kufagia, jirani anakununia mpaka Krismasi), wazee watatu huja kulikalia benchi hilo na kuisema dunia nzima. Kuna Gebhard, bwana bucha mstaafu, mtu wa tumbo na kicheko. Huyo wanamwita Soseji. Kuna Alois, aliyekata tiketi kwenye feri ya kwenda Uswisi miaka ishirini na tisa. Huyo ni Profesa, kwa kuwa hajapata kuulizwa jambo akasema sijui. Na kuna Eugen, mgane, fundi wa kukereza vyuma, ambaye hata keki huipima kwa rula kabla ya kuikata. Huyo ni Milimita. Hildegund mwenyewe, mwenye kibanda na birika, ni Kansela, na mjadala haufungwi mpaka aufunge yeye. Jumamosi hiyo ya Aprili bango la aiskrimu lilikuwa limeshushwa kwenye chuma chake mbele ya kibanda, na mahali pake ilining'inia meli ya anga.

Msije mkadhani ni ile kubwa yenyewe, ile ya abiria iliyoundwa hapa hapa mjini miaka sabini iliyopita ikaenda kuizunguka dunia, watu wakila kwa uma na kisu juu ya mawingu. Hii ilikuwa mfano wake. Mita moja ya ile, sentimita moja ya hii. Toka pua hadi mkia mita mbili na sentimita thelathini na saba. Milimita aliijenga miaka minne kwenye stoo ya chini ya nyumba yake. Pete za mwili, mbavu, injini tano, madirisha ya vyumba vya abiria, mpaka kitasa cha mlango wa jikoni, ambacho bila miwani hukioni. Yote sawasawa na mchoro. Sasa ile anaitundika kwa waya mmoja katikati ya mgongo, anaiachia polepole, meli ikainamisha pua chini na kubaki hivyo hivyo.

— Inasali, Soseji akasema.

— Imechoka, Kansela akasema huku akimimina kahawa. — Miaka minne stoo na huyu bwana, hata mimi ningeinama.

Wakacheka. Milimita hakucheka. Aliisukuma pua juu kwa kidole kimoja, akaiachia. Ikashuka tena.

— Tia waya mbili, bwana, umalize, Profesa akamwambia. — Mmoja mbele, mmoja nyuma. Itanyooka hiyo.

— Waya mbili ni udanganyifu. Ile kubwa ilishikwa na waya ngapi?

— Ile kubwa ilishikwa na gesi.

— Basi ndiyo maana. Hii isimame sawa kwa akili yake yenyewe, au isisimame.

Wenzake walitazamana, maana walijua roho ya mwenzao iko juu. Saa tisa mchana meli hiyo ilitakiwa iwe imetundikwa kwenye chumba cha kulia cha nyumba ya wazee kule juu kanisani, chini kabisa, mkono ufike, kando ya meza ya Bi Zenzi. Bi Zenzi ni mama mdogo wa Milimita, mwenye miaka themanini na minane, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Usichana wake wote aliumalizia kwenye karakana ya meli za anga, chumba cha kushonea. Sasa macho yamekwisha, anaona mwanga na vivuli tu. Na mwezi uliopita, ghafla, alikubali kuhamia Stuttgart kwa binti yake Irmgard. Gari lilikuwa linakuja Jumatatu. Milimita alipomuuliza kwa nini aondoke mji aliozaliwa, alimjibu kifupi tu: huku mikono yangu haina kazi tena, Eugen, bora nikakae bure mahali nisipopakumbuka.

Maneno hayo yalimkaa Milimita kooni kama mwiba wa samaki. Jibu alilokuwa nalo ni meli. Alijiambia kuwa mama yake mdogo akiigusa tu meli hiyo, ataghairi kuhama. Hakumwambia mtu, lakini benchi zima lilijua, na ndiyo sababu benchi zima lilitoa macho kwenye ile pua.

— Mimi nimeshajua, Profesa akaanza, akaweka kikombe chini, ishara ya hatari. — Ni ule upepo wa moto wa milimani. Kila upepo ule ukivuma, kichwa kinaniuma, maziwa yanaharibika, na shemeji yangu anataka talaka. Itakuwa meli ya karatasi?

— Ya pamba, Milimita akamsahihisha.

— Ya pamba ndiyo kabisa.

— Profesa, Kansela akasema, — tazama moshi wa sigara yako. Umesimama wima kama polisi. Upepo uko wapi?

Profesa akautazama moshi wake kwa chuki, kama umemsaliti.

— Basi si upepo. Ni mlima wenyewe. Tazama pua imeelekea wapi. Kusini! Ng'ambo ya ziwa, Uswisi, kuna nini? Mlima Säntis. Jiwe lote lile, mnadhani halivuti? Waswisi wanavuta kila kitu, pesa wamevuta, saa wamevuta, sasa wanavuta meli yetu.

— Igeuze, Kansela akaamuru.

Milimita akaigeuza polepole kwa mikono miwili, pua ikaelekea kaskazini. Wote wakashusha vikombe. Meli ikatafakari kidogo, halafu ikainamisha pua vilevile.

— Hapo sasa! Soseji akapiga paja lake. — Na huko kaskazini kuna mlima gani, Profesa?

— Huko... huko kuna Ulm.

— Ulm kuna mlima?

— Ulm kuna mnara wa kanisa! Mrefu kuliko minara yote ya makanisa duniani! Jiwe ni jiwe!

Soseji alicheka mpaka tofali la benchi likacheza. Hata Milimita midomo ilimtanuka kidogo. Profesa akasema wao ni watu wa bucha na spana, sayansi haiwahusu, akajimiminia sukari ya tatu.

— Acheni fiksi, niwaambie mimi, Soseji akasema, akajifuta machozi. — Na niliogopa kulisema hili, maana kosa ni langu. Ni utumbo.

Utumbo ulikuwa mada nzito. Ndani ya meli ile kuna mifuko kumi na saba ya gesi, na kwa kuwa mifuko ya ile kubwa ilitengenezwa kwa ngozi laini ya utumbo wa ng'ombe, Milimita alikataa katakata kutumia plastiki. Soseji ndiye aliyemletea utumbo, ndoo kwa ndoo, na wiki aliyokuwa akiuanika stoo, mama wa ghorofa ya pili alibandika karatasi kwenye ngazi akiomba kwa heshima zote maiti atolewe. Mifuko yenyewe haionekani. Imefunikwa. Lakini ipo.

— Utumbo umefanya nini? Milimita akauliza.

— Ng'ombe anakula vipi? Kichwa chini. Asubuhi chini, mchana chini, jioni chini. Miaka saba utumbo wake unaelekea kule kule kichwa kilikoelekea. Wewe ukiutoa, ukauosha, ukaukausha, unadhani umesahau? Utumbo haujui kama ng'ombe amekufa!

— Loo! Profesa akasema kwa heshima, maana hata yeye alikuwa hajafika huko.

— Na ng'ombe wenyewe ni wa Allgäu, Soseji akazidi kunoga, — wa kwenye mteremko! Ng'ombe wale maisha yao yote walisimama kwenye kilima wakitazama chini. Yaani wameinama mara mbili.

— Na ile kubwa mbona haikuinama? Milimita akamkatiza. — Si utumbo ni ule ule?

— Ile ilikula ng'ombe malaki, kutoka kila pembe. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule, wanasawazishana. Hawa wako ni ng'ombe wa boma moja, ndugu tupu. Wameshakubaliana!

Kansela alilazimika kuweka birika chini ili acheke vizuri. Alipomaliza, akalizunguka lile dude akiwa amejishika kiuno, akachungulia kile chumba cha abiria kilichobandikwa chini ya kidevu cha meli, chenye madirisha, meza, vitanda na jiko.

— Hivi, Milimita, jikoni humu umeweka nini?

— Jiko. Sufuria sita. Birika mbili.

— Za nini?

— Shaba.

— Na meza?

— Shaba.

— Na mkiani umeweka nini?

Milimita akautazama mkia. Uso ukamshuka rangi taratibu. Miaka minne alikuwa amepima kila kitu mpaka sehemu ya kumi ya milimita, na hajaweka hata kitu kimoja kwenye mizani.

— Yaani, Kansela akasema polepole, kwa raha zake, — abiria wote na vyombo vyote viko mbele. Mimi nisiye na shule nasema ni nzito mbele.

— Inawezekana, Profesa akasema. — Ila na mnara wa Ulm unachangia.

— Basi ni rahisi! Soseji akaruka. — Fungua mkia, tia vyuma viwili vitatu, funga. Saa tisa bado mbali!

— Haufunguki, Milimita akasema.

— Haufunguki vipi?

— Kitambaa nimekibandika kwa gundi. Toka pua mpaka mkia, hamna hata upenyo. Ukifungua, unachana.

Akakaa benchini upande wa tofali, akashika tama. Aliona mbele yake mama yake mdogo akinyoosha mkono, na meli ikimpa kisogo, pua chini, kama kitu kilichoshindwa. Atasema asante, Eugen, nzuri. Halafu Jumatatu atapanda gari.

Kansela hakupenda kuona mtu mzima anakaribia kulia kwenye benchi lake. Akaingia kibandani, akatoka na mkate wa fundo wenye chumvi juu, ule wa asubuhi ile ile, akautundika kwenye pezi la mkia. Meli ikatikisika. Pua ikapanda, ikapanda, ikasimama. Sawasawa kabisa, ungeweza kuweka yai mgongoni.

Makofi yalipigwa mpaka bata wa bandarini wakaruka.

— Kansela, wewe ni injinia!

— Sasa hiyo ndiyo sayansi, Profesa akakiri. — Ila siagi usitie, itazidi uzito.

— Siwezi kumpelekea Mamdogo meli ina mkate mkiani, Milimita akasema.

— Kwani ataona? Soseji akasema, kisha akajipiga mdomo mwenyewe.

Hapo ndipo waliposikia magurudumu. Kutoka upande wa kanisani, kwenye njia ya ziwani, alikuwa anakuja Vesna, muuguzi wa nyumba ya wazee, anasukuma kiti, na kitini, na skafu yake ya kijani shingoni, ameketi Bi Zenzi.

— Kunyweni kahawa, Profesa akanong'ona. — Kaeni kama kawaida!

Lakini meli ya mita mbili na ushei unaificha wapi? Soseji alisimama mbele yake akajipanua, na kwa kweli alificha nusu. Vesna alipoiona ile nusu nyingine, alisimama akafunika mdomo. Alikuwa anajua siri, ila hakutegemea kuikuta barabarani.

— Wanaosha chumba cha kulia leo, akasema kwa kujitetea. — Nikaona nimtoe kidogo.

— Shikamoo, Bi Zenzi! wazee wote watatu wakasema kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

— Marahaba. Nani kafa?

— Hajafa mtu, Bi Zenzi.

— Benchi hili linanyamaza, halafu hajafa mtu? Mnafanya nini?

— Tunatazama ziwa, Profesa akasema.

— Wewe Alois? Ziwa hilo umelipa mgongo miaka thelathini ukihesabu tiketi. Vesna, nisogeze. Nasikia harufu ya mkate.

Vesna akasukuma. Soseji akarudi nyuma kumpisha, akarudi nyuma zaidi, na mgongo wake mpana ukalikumba pezi la mkia. Mkate ukadondoka. Meli ikayumba, ikageuka nusu duara kwenye waya wake, na ile pua nzito ikashuka moja kwa moja mpaka kwenye mapaja ya Bi Zenzi.

Milimita alisimama, mikono mbele, hajui aikamate meli au amkamate mama yake mdogo.

Bi Zenzi hakushtuka. Aliweka kiganja juu ya pua. Akaweka na cha pili. Vidole vyake, vimepinda kwa baridi yabisi, vikaanza kutembea. Vikateremka kwenye kidevu, vikakuta madirisha, vikayahesabu, vikapanda ubavuni, vikapita pete moja, na ya pili, na ya tatu chini ya kitambaa. Midomo yake ilikuwa inacheza.

— Ni yeye, akasema.

— Ni yeye, Mamdogo.

— Jamani, ni yeye! Mnamwona? Kidevu chake hiki hapa. Ee Mungu wangu, kidevu chake hiki. Akacheka kicheko cha msichana, machozi yakimteremka bila yeye kuyajali. Soseji alishatoa leso. Profesa aligeuka, mara hii akalitazama ziwa kweli. Na Milimita, moyo wake ulijaa hata akaona kifua hakimtoshi.

Lakini vidole vya Bi Zenzi havikutulia. Vilirudi nyuma. Vikapita ubavuni mara ya pili, mara ya tatu, pole pole, vikibonyeza. Kicheko kikaisha. Paji lake la uso likakunjamana.

— Eugen.

— Naam, Mamdogo.

— Mshono uko wapi?

Milimita alimtazama Soseji. Soseji akamtazama Kansela. Kansela akamtazama Profesa, na Profesa, kwa mara ya kwanza tangu alipozaliwa, alitazama viatu vyake.

— Nauliza. Mshono uko wapi?

— Kwenye mchoro, Milimita akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, — kwenye mchoro hakukuwa na mshono.

— Mchoro walichora akina nani?

Milimita alikuwa amesoma mchoro ule miaka minne. Alijua kila waya na kila msumari. Na siku zote alijua pia mama yake mdogo alikuwa fundi gani.

— Tulikuwa chumba kizima cha wasichana, Bi Zenzi akasema. — Madawati marefu kama ya kanisani. Mshono ukienda mrama hata kidogo, msimamizi anakata, unaanza upya. Ngozi ya huyu ni yetu. Mimi ubavu huu wa kushoto naujua kuliko ubavu wangu. Na wewe, mtoto niliyekulea kwa mikono hii hii, umembandika kama bahasha!

— Nisamehe, Mamdogo. Nisamehe sana. Sikufikiria.

— Hukufikiria kabisa. Akabonyeza kitambaa tena. — Na hii ni nini, shuka?

— Shuka, Milimita akakiri.

— Shuka! Kwa meli ya abiria! Mvue.

— Nini?

— Mvue nguo zote. Toka pua mpaka mkia. Nataka pamba ya kufumwa vizuri, ikatwe vipande vipande kwa upana wa pete hadi pete, na sindano nyembamba. Gebhard, usiniletee zile sindano zako za kufungia nyama.

— Sijasema neno, Bi Zenzi.

— Ulikuwa unataka kusema.

Kansela alishaingia kibandani akatoka na kikopo cha vifungo, akatunga uzi kwenye sindano, akaiweka kwenye kiganja kile kilichopinda. Vidole vikaifunga. Bi Zenzi akashika ncha ya skafu yake mwenyewe, akaikunja, akapitisha sindano, mara moja, mbili, tano, kumi, upesi upesi, mishono midogo kama punje za ufuta, yote imenyooka. Akapitisha ukucha juu yake kuikagua.

— Macho ya nini, akasema, kana kwamba kuna aliyeuliza. — Hata kule tulishona kwa vidole.

— Bi Zenzi, Profesa akathubutu, — kazi hiyo itachukua muda gani?

Akapima ubavu wa meli kwa shibiri, polepole, huku akihesabu kimoyomoyo.

— Kwa mikono ya sasa? Mpaka Krismasi. Kama hamtanipigia kelele.

Milimita hakungoja aambiwe mara mbili. Alishapiga magoti kwenye mawe ya bandari, kisu cha mfukoni mkononi, anaibandua kazi yake ya miaka minne huku akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na Soseji akimshikia mkia. Gundi ilikuwa ngumu kweli. Aliitukana gundi ile kwa furaha.

— Lakini Bi Zenzi, Vesna akasema, — Jumatatu gari la Irmgard...

— Mpigie simu Irmgard, Bi Zenzi akamwambia, bila kuinua kichwa kwenye mshono wake. — Mwambie gari aliache huko huko. Aniletee uzi.